Sufuria Moja kwa Milango Miwili

Akiingia nyumbani kwa mtu, alifunua sufuria kabla ya kusalimia. Aliinama juu ya mbabula, jiko la makaa, akashika kifuniko kwa ncha za vidole, akavuta mvuke puani, akafunika tena, ndipo akageuka na kusema, "Jambo, mama." Wanawake wa parsele yetu, ua wa wapangaji katika mtaa wa Mabanga, walimchukia kwa tabia hiyo. Walisema ni ulafi wa mwanaume asiye na mke. Mimi nami nilisema hivyo mwaka wa kwanza, tena kwa sauti, nikijua chumba chake kinatazamana na changu na kuta zetu za mbao hazizuii neno.

Tulimwita Mpishi. Jina alikuwa nalo, nalijua, lakini halitoki kinywani mwangu. Nililinyamazia siku lilipohitaji kutajwa kwa wema, na sioni haki ya kulitaja leo.

Alikuwa amepika miaka mingi katika jiko la shule ya bweni, baadaye akawapikia madereva wa malori kule Bunagana, mpakani. Alipokuja kupanga mbele yetu alikuwa na sufuria mbili kubwa nyeusi, mwiko mrefu, mkeka wa kusalia, na mikono iliyojaa makovu ya mafuta. Kazi ya kudumu hakuwa nayo tena. Alipika penye msiba na penye harusi, na siku nyingine alikaa mlangoni akichambua mboga za watu wengine kwa macho, akitikisa kichwa.

Kilichotukutanisha ni tumbo la watoto wangu. Esperance, tuliyemwita Espe, alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Jozue alikuwa hajafika mitatu. Espe alikuwa akila mkate anavimba tumbo kama ngoma, anakunja magoti na kulia. Maziwa yalimharisha. Maharage yalimnyima usingizi. Jozue alikuwa mbaya zaidi: maziwa, ngano, mayai, karanga, soya, kila kimoja kilimtoa vipele au kilimtapisha, na siku moja kijiko cha maziwa kilimvimbisha mdomo. Nilikuwa nimezunguka vituo vya afya, nikapewa dawa za minyoo, tena dawa za minyoo. Mama mkwe wangu, mwanamke wa Masisi aliyekulia kati ya ng'ombe, alisema watoto wamerogwa, maana mtoto wa ukoo wao hawezi kukataa maziwa. Kwake maziwa yalikuwa heshima, baraka na dawa. Kila alipotutembelea alileta kibuyu, na kila alipoondoka niliosha nguo za watoto siku mbili.

Mpishi aliyaona yote hayo kutoka mlangoni kwake. Asubuhi moja alivuka ua, akafunua sufuria yangu ya chai, akafunika.

"Jambo, Mama Espe. Huyu mutoto anakula nini asubuhi?"

"Chai ya maziwa na mukate. Kama batoto bote."

"Na kisha?"

"Kisha analia."

"Tumujaribu siku kidogo bila maziwa, bila mukate. Akilia, alie ya njaa. Kilio ya njaa na kilio ya tumbo haifanane."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia apate kwanza watoto wake, ndipo afundishe wenye watoto. Hakukasirika, au alikasirika akaificha. Alirudi mlangoni kwake, akaketi. Jioni ile Espe alilia mpaka akalala sakafuni, na asubuhi nilimpeleka mwenyewe kwa Mpishi, nikiwa nimemshika mkono na Jozue mgongoni.

Njia yake ilikuwa rahisi na ya taabu. Wiki mbili watoto walikula mateke, yale majimbi ya bei rahisi yanayojaa sokoni, na lenga-lenga, ule mchicha wetu, iliyochemshwa kwa chumvi, basi. Nililia kuwapa watoto chakula kile siku baada ya siku. Lakini matumbo yalitulia, na watoto wangu wakacheka kama walivyokuwa hawajacheka kwa miezi. Kisha akaanza kuongeza kitu kimoja kimoja: bugali wa muhogo, akangoja siku tatu, mafuta ya mawese, akangoja, ndizi, boga na majani yake, sambaza, dagaa wa ziwani, wale wadogo waliovunjika ambao wauza samaki huwaweka pembeni, akawakausha na kuwatwanga mpaka wakawa unga wa kunyunyiza. Kila kitu kilichokubaliwa alikifungia fundo katika kamba. Kilichokataliwa alikifungia fundo la kukaza, lisilofunguka. Kamba mbili zilining'inia mlangoni kwake, moja ya Espe, moja ya Jozue, na watu waliopita waliziuliza. Hakueleza. Alisema tu, "Ni ya batoto."

Hakutaka malipo. Alitaka tuunganishe makala, yaani makaa ya kupikia: sufuria moja kwa milango miwili, wake na wangu, na yeye ale nasi. Ndivyo tulivyoishi. Mume wangu alikuwa dereva, wiki mbili njiani, siku tatu nyumbani, na mara nyingi vita vilimfungia njia akakaa zaidi. Kwa hiyo mwanaume aliyekaa karibu na watoto wangu wakila, miaka ile, alikuwa Mpishi.

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kama dini. Hakuna sahani ya mgonjwa. Siku ya kwanza mume wangu alipokuta mateke, mboga na sambaza, alisukuma sahani, akaagiza mkate na mayai.

"Papa Espe," Mpishi akamwambia, "ukitaka mukate, uende ukule pale barabarani. Hapa tunakula ile batoto banaweza."

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yako. Njo maana mutoto anakuangalia weye."

Mume wangu alimtazama Espe. Kweli, mtoto alikuwa ameacha kutafuna. Alivuta sahani, akala. Baadaye aliniambia mboga zile zilikuwa na karanga tamu sana, na mimi nilijua hamna hata punje moja. Ni mbegu za boga zilizokaangwa na kutwangwa. Mpishi alikuwa amemwambia ni karanga. Yeye aliyemkaripia kila mama asidanganye mtoto kuhusu chakula, aliwadanganya wanaume wazima bila haya.

Alikuwa na mengine yasiyolingana. Sufuria zake alizisugua kwa majivu mpaka ukajiona ndani, lakini shati lake alilivaa mpaka likasimama lenyewe kwa uchafu. Aliwafokea wanawake kwa kumwaga maji ya kuchemshia mboga, ilhali yeye kila Ijumaa, akitoka kusali, alimwaga kikombe kizima cha chai yake ya kwanza chini. Nilipomuuliza sababu alisema hakumbuki nani alimfundisha.

Na alipenda mkate. Huyo aliyeuondoa mkate kinywani mwa watoto wangu aliupenda kuliko chakula chochote duniani. Espe alimfuma siku moja nyuma ya mlango, amekaa juu ya bidoni la maji, anachovya kipande katika chai ya maziwa, macho amefumba. Mtoto alikuja kunishtakia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Mpishi alimfuata, chai ikimdondoka kidevuni.

"Espe, mama, usiniseme vile. Mie niko mujinga wa mukate. Weye tumbo yako iko na akili kushinda yangu."

Tangu siku hiyo hakula mkate ndani ya parsele. Alikwenda mpaka kwenye kibanda cha barabarani, akala wima, na kabla ya kushika sufuria yetu alinawa mikono kwa majivu na kusukutua. Nilimcheka kwa hilo. Nilimcheka kwa mengi.

Jambo nililolicheka kimoyomoyo kuliko yote ni kwamba hakujua kusoma. Hakulisema. Ukimpa kopo au pakiti aliigeuza, akaisogeza mbali, akaikaribisha, kisha akasema, "Macho yangu imechoka. Soma weye, mama." Siku moja alilishika kopo la samaki juu chini na kulikazia macho muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, na nilikuwa nauza vitenge kwa kuwa ualimu ulikuwa haulipwi. Kila alipoinyoosha pakiti kwangu nilijisikia mkubwa. Nilichelewa kidogo kumsomea, nikamwacha asubiri mkono ukiwa hewani. Wakati ule niliona ni mzaha tu.

Na mama mkwe naye alimchukia wazi. Alipomkuta akimnyima Jozue kibuyu, walisimama katikati ya ua kama majogoo.

"Weye ni nani wa kukataza mujukuu wangu maziwa?"

"Mie si mutu, mama. Ni tumbo yake inakataza."

"Tumbo ya mutoto inafundishwa!"

"Fundisha yako kukula mawe, nione."

Watu walicheka. Mama mkwe hakusahau kicheko kile.

Kisha mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ukapasuka. Mji ulikuwa tayari mikononi mwa waasi, barabara zikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa jirani mlevi, na sisi tulidhani tumezoea kila tishio. Moto ulishuka mchana, unatembea polepole, na kila ulichokigusa kilizama. Tulikimbilia upande wa Sake kwa miguu. Mume wangu alikuwa safarini. Mpishi alimbeba Jozue mgongoni na sufuria moja kichwani, na nilipomwambia aitupe sufuria akaniuliza, "Tukifika, utapika mu mikono?" Njiani watu wema walitugawia biskuti. Alizichukua kutoka mikononi mwa watoto, akazitia mfukoni, akawapa viazi vitamu alivyokuwa amevichemsha tukifunga mizigo. Wote wengine walikuwa wamebeba magodoro.

Tuliporudi, makoro, lile jiwe jeusi la moto uliopoa, lilikuwa limefunika mitaa ya jirani. Parsele yetu ilibaki. Lakini soko letu halikuwepo, vitenge vyangu vilikuwa majivu, na vyakula tulivyovitegemea havikuingia mjini kutoka shambani, maana njia nazo zilikuwa na watu wenye bunduki. Siku kadhaa Mpishi alizunguka juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi akirudi na boga moja, au majani ya boga bila boga. Watoto walikonda. Jozue alianza kulala mchana.

Ndipo tukagawiwa unga wa msaada. Gunia dogo, jeupe, lenye maandishi ya Kifaransa pembeni. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikalibeba mwenyewe, na njiani nilililaza juu ya jiwe nikalisoma. Herufi kubwa zilisema mahindi. Chini yake, ndogo, zilisema soya. Ndogo zaidi: unga wa maziwa.

Nilisoma mara mbili. Naliandika hili jinsi lilivyokuwa, kwa kuwa nimelisema kwa njia nyingine miaka mingi. Sikukosea. Nilisoma nikaelewa. Nikajiambia mtoto amekua sasa, labda tumbo limekomaa. Nikajiambia kidogo hakitamdhuru, na kwamba watoto wa watu wote wanakula unga ule. Zaidi ya yote nilikuwa nimechoka kuwa mama wa watoto wasiokula kama wengine.

Mpishi alikuwa mlangoni. Alilifungua gunia, akainamisha uso, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaninyooshea upande wenye maandishi.

"Soma, mama."

"Ni mahindi," nikasema.

"Mahindi tu?"

"Mahindi tu, muzee. Pika, batoto bana njaa."

Alinitazama. Alichukua sufuria, akapika uji.

Espe alikunywa kidogo akasema tumbo linamkata, akaacha. Jozue alikunywa kikombe kizima, kwa njaa yake. Kabla jua halijafika utosini midomo yake ilikuwa imevimba, mwili umejaa vipele, anatapika, na pumzi inamtoka kwa mluzi. Nilimbeba mbio mpaka kituo cha afya. Walimchoma sindano, wakamtundikia chupa ya seramu. Nesi, msichana mdogo, mpole, aliniuliza amekula nini.

"Uji."

"Uji ya nini?"

"Ya mahindi."

"Mahindi tu, mama? Fikiri vizuri."

"Mahindi tu."

Hata pale. Hata kwa mtu aliyetaka kujua ili amponye.

Alasiri waliturudisha nyumbani, mtoto akiwa hai, mlegevu kama kitambaa. Uani palijaa watu. Mama mkwe, aliyekuwa amehamia kwetu baada ya mlipuko, alikuwa amesimama katikati, kitenge amekifunga kiunoni. Alikuwa amewaeleza wote: uji ulipikwa na nani, nani alimnyima mtoto maziwa ya ukoo wake, nani ana kamba zenye mafundo mlangoni. Kamba zilikuwa tayari zimeshushwa. Kiongozi wa nyumba kumi alizishika kwa kijiti ili asiziguse.

"Hizi ni nini?" akamuuliza Mpishi.

"Ni chakula ya batoto. Kila fundo ni chakula."

"Chakula inafungwa mu kamba?"

Watu walinung'unika. Kiongozi akanigeukia. "Mama Espe, weye njo mama ya mutoto. Huyu muzee aliweka nini mu uji?"

Nilijua kila fundo katika zile kamba. Lile kubwa lililokazwa katikati ya kamba ya Jozue lilikuwa maziwa. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingewageuza wote kunitazama mimi, na mama mkwe wangu, na kesho mume wangu.

"Mie sijue," nikasema. "Mie sikupika."

Ndiyo maneno yangu yote siku hiyo. Nusu yake haikuwa hata uongo.

Hawakumpiga sana. Hivyo nilizoea kujifariji: hawakumpiga sana. Vijana walitupa vitu vyake barabarani, sufuria moja ikapasuka pembeni juu ya makoro, shati lake likachanika bega. Aliokota mkeka, akaokota mwiko. Alipopita mbele yangu alisimama. Nilidhani atasema, na nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilimficha uso wangu nyuma ya kichwa cha mtoto.

"Mumupe maji ya muchele," akasema. "Kidogo kidogo. Kijiko, mungoje, kijiko. Musimupe kingine leo."

Akaenda. Mama mkwe alisema hakuna kufuata dawa ya mchawi. Nilingoja atoke, nikaazima mchele kikombe kimoja kwa jirani, nikachemsha, nikampa mtoto kijiko, nikangoja, nikampa kijiko. Siku ya tatu Jozue aliomba boga.

Unga uliobaki niliumwaga kwenye ufa wa makoro, nikasema umeingia wadudu.

Niliendelea kupika kama alivyonifundisha. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia: kila mlo wangu ulikuwa wake. Nilikausha sambaza waliovunjika, nilitwanga mbegu za boga, niliwaketisha wote kwenye chakula kimoja. Wanawake wengine wenye watoto wa namna ile walianza kunijia. Nilizoea kuwaambia, "Njaa inaongopa, tumbo haiongope," wakasema mama huyu ana hekima, na sikuwaambia ni maneno ya nani. Mtu mmoja tu aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema kwa mama yangu.

Nyumbani hadithi ilikua bila mimi kuilisha. Mama mkwe aliisimulia mpaka akafa: yule mzee aliyetaka kummaliza mjukuu wake. Mume wangu aliisimulia kwa madereva wenzake. Jozue aliikuta tayari imeiva, akaijua kama mtu anavyojua kovu lake. Akiwa shuleni aliandika insha kuhusu siku aliyotiliwa sumu. Mwalimu alimpa alama nzuri. Nilitia sahihi chini.

Mlima ulipasuka tena, Jozue akiwa kijana, na miezi mingi baadaye waasi wengine wakaukaribia mji na njia zikafungwa upya. Makala yakaadimika. Nilisikia kuna magunia yamefika Katoyi, nikaenda. Katika uchochoro, kwenye kizingiti cha nyumba ya mbao, alikaa mzee anachambua sambaza katika beseni, anatenga wazima na waliovunjika kwa kugusa. Macho yake yalikuwa meupe kwa ukungu.

Nilimpita. Nilifika mwisho wa uchochoro, nikarudi, nikampita tena. Mwanamke aliyekuwa anafua pale karibu, baadaye nilijua ni binti wa dada yake anayeishi naye, alinitazama akasema, "Mama, umepotea?"

"Hapana," nikasema, na yule mzee aliinua kichwa.

"Mama Espe."

Niliketi chini mbele ya beseni.

"Jambo, muzee."

"Jambo. Mutoto iko?"

"Iko. Amekuwa murefu. Anatengeneza mapikipiki."

"Anakula?"

"Anakula vizuri. Hata mayai sasa inamukubali. Maziwa, hapana."

"Maziwa haitamukubali," akasema, kama tunaendelea na mazungumzo ya jana.

Nilikuwa nimeiandaa hotuba kwa miaka. Haikuja. Nilisema tu, "Muzee, ile gunia. Nilisoma. Ilikuwa imeandikwa soya, imeandikwa maziwa. Niliiona nikakwambia mahindi."

Vidole vyake havikusimama. "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Nilipofungua. Maziwa ya unga haijifiche, mama. Niliipika shuleni miaka mingi." Alitoa samaki mmoja, akamgusa mgongo, akamweka upande wa wazima. "Nilisikia harufu. Kisha weye ukasema mahindi tu. Nikasema mu roho, huyu njo mama yake, na yeye njo alisoma. Mie nitamuambia nini mutu mwenye anajua kusoma? Nikaona haya. Nikapika."

"Kwa nini hukusema, ile siku batu banakushitaki?"

"Ningesema nini? Nilisikia harufu, nikapika. Mukono ilikuwa yangu."

Yule binti wa dada yake alikuwa ameacha kufua. Nilitaka mzee aniambie amenisamehe. Nilitaka pia anitukane. Alifanya kazi yake tu, na nilipoanza kulia alisubiri nimalize kama mtu anavyosubiri mvua ikate.

"Jozue anajua nini juu yangu?" akauliza.

Niliokota sambaza aliyeanguka nje ya beseni, nikamrudisha.

"Anajua ile batu bote banajua," nikasema.

Hapo ndipo vidole viliposimama. Alivipangusa kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Basi, mie na weye tumeshaongea," akasema. "Yeye bado."

Jumamosi nilimwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje kuangalia matairi ya lori ambalo halikuwa na safari popote. Jumapili baada ya kanisa nilimwomba Jozue anisindikize Katoyi. Njiani aliniuliza tunakwenda kwa nani, nikasema kwa mtu aliyekulisha. Alidhani ni nesi wa zamani.

Nilisema yote pale kizingitini, nimesimama, mbele ya wote wawili. Sikusema labda, sikusema njaa, sikusema mama mkwe. Nilisema: nilisoma, nikadanganya, nikanyamaza, huyu hakukutilia sumu, huyu alikulea. Mpishi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza hesabu isiyomhusu. Nilipomaliza alisema, "Na mie nilisikia harufu. Ajue na ile."

Jozue hakunitazama. Alichuchumaa mbele ya mzee, mtu mzima yule, mikono yake myeusi kwa grisi. Kisha alivuta kigoda kilichokuwa ukutani, akaketi, akaanza kuchambua sambaza pamoja naye. Aliwachanganya wazima na waliovunjika. Mzee akamshika kiganja, akamwonyesha jinsi ya kupitisha kidole mgongoni.

Nilitafuta pa kukaa.

"Mama," akasema Jozue, uso bado katika beseni, "tangulia nyumbani."

Nilikwenda. Nilipofika barabarani nilisimama, nikajifanya nafunga kitenge upya, nikingoja mmoja wao aniite. Nilikifunga, nikakifungua, nikakifunga. Pikipiki zilipita, wauza makala walipita. Kisha nikaondoka.